Maji ya Ukutani

Monga aliponipigia simu kutoka Kolwezi
kwamba mwezi wa kumi hatafika nyumbani,
alituma kiyoyozi juu ya lori la mbao,
kimefungwa blanketi kama mgonjwa,
na kikaratasi: *Msilale na joto, Mama Nyota.*
Basi nikaelewa. Mume wangu kanitumia baridi.

Bel-Air, mwezi wa kumi.
Mijakaranda imemwaga zambarau hadi kwenye mtaro wa maji machafu.
Mchana bati linaalika kama mtu anayejivunja vidole,
bukari halipoi hata ukilipepea,
na mshumaa umejikunja dirishani bila kuwashwa.

Wiki mbili tulilala kama watu wa Golf.
Watoto wakagombania shuka!
Mama Chola wa jirani akaja na kiti chake,
eti kuniuliza bei ya makala,
akakaa mpaka saa nne.

Kisha tone.
Tone moja, usiku wa manane, kwenye paji la uso.
Nikafuta, nikageuka.
La pili likanifuata mtoni.
Kulipokucha ukuta ulikuwa umevimba malengelenge;
ukibonyeza kwa kidole, rangi inatema maji.
Doa likashuka, rangi ya chai ya maziwa,
polepole, kama mgeni asiyejua mlango,
likafika pale ninapowapima watoto kwa penseli:
*Nyota, miaka sita. Nyota, miaka saba.
Kyembe, siku aliyopona surua.*
Asubuhi ya tatu nikakuta plasta sakafuni,
na Kyembe hakuwa na urefu tena.

Na bomba la uani?
Siku ya nne linakohoa hewa.
Naamka saa tisa kulisikiliza,
madumu yamepanga mstari, midomo wazi,
na chumbani kwangu ukuta una maji!
Nilicheka peke yangu gizani.
Nikaweka beseni.
Maji ya hewani, maji yasiyo na bili:
nikaoshea sahani, nikadekia,
nikayamwagia mche wa pilipili, ukayapenda.

Fundi Kaumba akaja na bisibisi mbili na kikohozi.
Akachokoa mpira wa kutolea maji,
akavuta kiota cha nyigu, kigumu kama kidole cha udongo.
"Si ugonjwa, mama. Koo tu liliziba."
Elfu ishirini, na kikombe cha chai.
Nikampa. Ukuta ukaanza kukauka,
nikanunua kopo la rangi, nikaliweka chini ya kitanda.

Jumapili kabini ya mtaa ikalipuka, pu!
na kiyoyozi kikafumba jicho lake la kijani.
Siku tisa. Tulilala uani juu ya mikeka,
Nyota akihesabu mbu kwa Kifaransa ili afaulu shuleni.
Siku ya tisa upepo ukaja na harufu ya vumbi lililolowa,
tukakimbiza mikeka ndani,
na mvua ya kwanza ikapiga bati kwa ngumi zote.

Nilikuwa nimesimama pale pale, taa ya simu mkononi.
Kiyoyozi kimelala, hakina umeme, hakina kosa,
na doa lile lile, juu yake, likaanza kutembea.
Msumari wa bati. Msumari mmoja wenye kutu.
Labda ulianza tangu masika yaliyopita,
labda tangu Monga alipopanda bati lile kwa haraka
siku mbili kabla ya safari.
Nikakiomba radhi kiyoyozi, kwa sauti,
maana nilikuwa nimekitukana sana.

Beseni likarudi mahali pake.
Simu ikaita ningali nimeishika.
"Mnalala vizuri huko? Kuna baridi?"
"Ipo," nikasema. Na kweli ilikuwepo.
"Na hiyo sauti? Hiyo, tik, tik?"
"Saa."
Akanyamaza kidogo.
"Umenunua saa?"